Salamu Nilizozihifadhi

Watoto wangu wananicheka kwa sababu kila ujumbe nausoma mara tatu kabla ya kuutuma. Wananiambia, mzee, hiyo ni simu, siyo hati ya kiwanja. Nawaacha wacheke. Mtu aliyefanya kazi ya kompyuta zaidi ya miaka ishirini, halafu anabonyeza herufi moja moja kama anachambua maharage, ni halali yake kuchekwa. Lakini sababu sijawahi kuwaambia, na hata mama yao nilimweleza nusu tu, ile nusu inayonipendeza. Leo naiandika yote, maana kila mwaka unaopita napata ujanja mpya wa kujisamehe, na naogopa nitafika mahali nijisamehe kabisa.

Ilikuwa Karatu, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa kijana wa Kichagga niliyeshuka kutoka Kilimanjaro na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu nilichosomea Arusha, viatu vilivyochongoka mbele, na maneno mengi. Mtu wa kwetu mwenye duka la vifaa vya ofisi alikuwa amefungua chumba cha intaneti pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Ngorongoro, kompyuta nne na mashine ya kuchapisha, akanikabidhi funguo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kuzigusa hizo kompyuta. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi jekundu kwenye vioo. Vumbi la Karatu haliombi ruhusa. Unafuta saa mbili, saa nne unaweza kuandika jina lako kwa kidole.

Nilivyoipenda ile intaneti, sijui kama nimewahi kupenda mtu vile. Tuliunganisha kwa waya wa simu, na ule mkwaruzo na mluzi wa modemu ukianza, mimi nilikuwa nasimama. Kweli, nasimama, kama watu wanavyosimama kanisani. Nikawa mhubiri. Madereva wa utalii wakiingia kusubiri wageni wao, nawapa somo. Nawaambia barua imekufa, posta imekufa, benki nazo zitakufa, dunia sasa ni kijiji kimoja na mimi ndiye balozi wa nyumba kumi. Wao wanacheka, wananiita Profesa, nami kichwa kinavimba. Siku moja alikuja baba mmoja wa Kimaasai kutoka Olbalbal, ameshuka mnadani kuuza ndama, nikamvuta ndani nimwonyeshe maajabu. Nikamfungulia picha ya kreta ya Ngorongoro. Akaiangalia kwa adabu, akaniuliza kama hicho ndicho nilichokuwa nahangaika nacho asubuhi yote, kwa sababu yeye alikuwa amepita hapo jana yake na ng'ombe. Madereva walianguka kwa kicheko. Mimi niliona hajaelewa. Wakati huo mtu yeyote asiyeshangaa nilimhesabu hajaelewa.

Mama ninayetaka kumsimulia hapa alikuja kwa mara ya kwanza siku ya mnada pia. Alikuwa Mwiraqw, mkulima wa huko juu Mbulumbulu, mtu mzima wa kama miaka hamsini na ushee, kitenge begani, viatu vya plastiki ameviosha kwenye mfereji kabla ya kuingia. Mkononi alikuwa na karatasi yenye anwani ya barua pepe ameikunja mara nne. Binti yake mkubwa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Norwei kupitia kanisa lao, na ndiye aliyeituma ile anwani, kwa sababu barua za posta zilichukua mwezi na zaidi. Mama alijua kusoma kidogo, ila macho hayakumruhusu tena, na kompyuta hakuwahi kuiona kwa karibu. Akanisalimia kwa Kiiraqw, nikaitikia kwa Kiswahili, akahamia Kiswahili bila kinyongo. Akaniambia, mwanangu, mimi nitasema, wewe uandike.

Basi akasema. Mungu wangu, salamu. Baba yako anakusalimu, na bibi yako anakusalimu, ameinuka leo na amekunywa uji wote. Kaka yako wa pili anakusalimu, na mke wake, na yule mtoto wao ambaye sasa ana meno mawili. Mama mdogo wa kule bondeni anakusalimu. Jirani wa mbele, yule mwenye punda, anakusalimu, naye mke wake anakusalimu. Mwalimu wako wa darasa la nne tulikutana naye njiani, anakusalimu. Kila mtu alikuwa na kipande chake kidogo cha habari, na kila mnada kipande kile kilibadilika. Bibi alikuwa amekunywa uji, au amekataa uji, au amegombana na kuku. Salamu peke yake zilijaza kioo kizima kabla hatujafika kwenye neno lolote ambalo mimi niliona ni habari.

Mara ya nne nikachoka. Nikamweleza kwa upole wa kijuaji kwamba barua pepe siyo barua, mama, huku watu wanasema jambo moja kwa moja, na tena salamu zote ninazo tayari humu ndani. Nilikuwa nimezihifadhi kwenye faili. Nilichukua za barua iliyopita, nikazisafisha, nikaondoa uji na meno na kuku, nikabakiza majina ya udugu tu kwa mpangilio mzuri: baba anakusalimu sana, bibi anakusalimu sana, na kuendelea. Nikabonyeza vitufe viwili, aya nzima ikatokea. Mama akarudi nyuma kidogo kwenye kiti. Akauliza kama wote wamo. Nikamwambia wote. Akaniomba nimsomee, nikamsomea, akacheka mpaka akafunika mdomo na kitenge, kwa kuwaona watu wake wote wametoka kwenye mashine kwa mpigo. Akasema hii kitu ina akili. Nikamwambia mama, hii kitu haikosei. Nayakumbuka maneno yangu hayo vizuri kuliko ninavyokumbuka viapo vya ndoa yangu.

Tangu hapo salamu zilikuwa zangu. Yeye alitoa habari, mimi nilibandika salamu juu. Mnada mmoja aliniambia niandike kwamba baba amepata kikohozi, lakini si cha kutisha, anatembea. Nikaandika. Juu yake nikabandika kwamba baba anakusalimu sana.

Mnada uliofuata alikuja mapema kuliko kawaida, kabla hajapita sokoni. Hakuwa na kikapu. Akakaa, akatulia, akasema, "Leo salamu nitazisema mwenyewe, mwanangu. Andika kama nitakavyosema."

Nikamwambia sawa, sema mama. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, wakaingia watalii watano na dereva wao, wote wanataka kompyuta kwa wakati mmoja, na mmoja wao alikuwa anauliza kwa nini mtandao ni wa polepole. Hilo lilikuwa linaniuma kama mtu ametukana mama yangu. Nikawa namjibu yule mgeni kwa Kiingereza changu cha Arusha, shingo imegeukia kwake, na vidole vyangu vikawa vinagonga vitufe. Vinagonga tu. Mama alikuwa anasema polepole, jina kwa jina, akisimama kidogo kila baada ya jina, nami nikawa nagonga ili asikie mlio na aone kazi inafanyika. Sikuandika alichosema. Alipomaliza nikafuta ule uchafu wa herufi, nikabandika salamu zangu zilezile. Nilijiambia, kuna tofauti gani, watu ni walewale.

Hakuwa na mengi ya kuongeza siku hiyo. Mahindi yanaendelea, ng'ombe mwekundu amezaa, soma kwa bidii, Mungu akulinde. Hakuniomba nimsomee, kwa sababu chumba kilijaa wageni na yeye alikuwa mtu wa staha. Nikabonyeza, ikaenda. Akashukuru, akatoka.

Wiki mbili baadaye alirudi, na kabla hata ya kukaa aliniuliza, "Amesema anafika lini?"

Nikashangaa swali hilo limetoka wapi, kwa sababu hatukuandika popote habari ya kumwita. Nikafungua jibu, nikaanza kumsomea kwa ile sauti yangu ya mtangazaji wa redio. Binti aliandika kwamba amefurahi mno kupata salamu za baba. Alikuwa na wasiwasi tangu aliposikia kikohozi, hata ameshaomba ruhusa chuoni na kanisa lilikuwa linamtafutia tiketi aje mwezi huohuo. Lakini kwa kuwa baba amemsalimu, moyo wake umetulia, amesitisha safari, atafanya mitihani kwanza na atakuja Disemba.

Mama akasema nirudie hapo. Nikarudia. Akaniuliza salamu za baba yake zimetoka wapi, kwa sababu yeye hakuzisema. Alisema za bibi, za kaka, za mama mdogo, za jirani mwenye punda, mpaka za mwalimu. Za baba hakuzisema.

Mimi, kwa ujinga wangu, nikauliza kama mzee amekasirika na binti yake.

"Amelala," akasema. "Tangu siku ile nilipokuja, amelala, hainuki. Kwetu aliyelala hatumi salamu. Mtoto akisikia wote wamesalimu na mmoja hayumo, anajua aje."

Kumbe. Kumbe zile salamu ambazo mimi niliona ni makapi ndizo zilizokuwa barua yenyewe. Hakutaka kunitajia kuzidiwa kwa mume wake mimi, kijana wa watu, mbele ya madereva. Wala hakutaka kumtupia mwanawe neno zito kama hilo akiwa peke yake ugenini. Simu ya ng'ambo ilikuwepo, kwenye ofisi ya kanisa, ila kwao simu hiyo ilikuwa ya msiba, ikilia tu mtu anaanza kulia kabla ya kupokea. Basi akatumia njia ya nyumbani kwao, njia ya upole ambayo mtoto wake angeielewa mara moja. Akarudi Mbulumbulu akawa anatazama barabara. Siku kumi na nne alitazama barabara.

Nilijua sekunde ileile nilichokuwa nimefanya, sina hata nafasi ya kusema sikujua. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo, ukiniuliza, ni baya kuliko lile la kwanza. Lile la kwanza lilikuwa uvivu na majivuno ya ujana. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Nilimwambia, "Mama, wakati mwingine kompyuta inachanganya."

Hakunitazama mimi. Aliitazama kompyuta. Aliitazama muda mrefu, bila hasira, kama unavyomtazama ng'ombe wako mzuri aliyekupiga teke kwa mara ya kwanza. Kisha akasema basi niandike tena, kwa maneno ya wazi sasa, kwamba baba yake amelala na aje. Nikaandika, kila neno. Nikabonyeza. Haikwenda. Mvua ya jana yake ilikuwa imeangusha nguzo za simu huko njiani, laini imekufa, na ujumbe ukakaa palepale unasubiri. Mama akauliza imekwenda? Nikasema imekwenda. Nilishindwa kumwambia kwamba hii kitu isiyokosea imeshindwa mara ya pili, tena mara hii imeshindwa kweli.

Kanisa lao lilikuwa na ofisi mjini, dakika kumi kwa miguu kutoka pale nilipokaa, na ile simu yao ya ng'ambo ilikuwa ya upepo, isiyotegemea waya wala nguzo. Nilijua. Siku ya kwanza nilisema laini itarudi jioni. Siku ya pili nilifika mpaka kwenye geti la kanisa, nikaona mchungaji amesimama na watu kwenye baraza, nikageuka. Ningemwambia nini? Ningeanzia wapi? Ili kueleza kwa nini jambo hili ni la haraka ningelazimika kueleza salamu, na nikieleza salamu ningelazimika kueleza vidole vilivyogonga bila kuandika. Mzee wa watu alikuwa anakata roho huko juu, na mimi nilikuwa nimesimama nje ya geti nalinda jina la Profesa. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa nikitafuta namna ya kuipunguza makali, sijaipata.

Laini ilirudi siku ya tano. Ujumbe ukaondoka wenyewe, kwa mlio uleule niliokuwa nasimama kuusikiliza. Mzee alikuwa amefariki siku moja kabla. Mchungaji alipiga simu Norwei, na binti alipofungua barua pepe siku hiyo alikuta mama yake anamwambia baba amelala, aje, wakati tayari ameshaambiwa amefariki.

Alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Hakuja kwangu mara moja. Alikuja baadaye, siku isiyo ya mnada, mjini kumetulia. Mrefu kama mama yake, koti zito la huko alikotoka mkononi, macho yamevimba. Nilimjua kabla hajasema. Akaniomba kwa heshima kama anaweza kukaa, akaniita "kaka", na hilo neno lilinikata. Akatoa karatasi mbili kwenye mkoba, barua pepe alizochapisha chuoni, ile ya kikohozi na ile iliyofuata. Akaziweka juu ya meza bega kwa bega. Salamu zilikuwa zilezile, neno kwa neno, mpaka nukta moja niliyoisahau mwishoni mwa aya.

Akaniambia hakuzilinganisha alipokuwa kule. Alipoona tu baba anakusalimu alifurahi, akafunga, akaenda maktaba. Amezilinganisha kwenye ndege.

"Mama yangu hajawahi kutoa salamu mara mbili kwa namna moja," akasema. "Anasema kompyuta ilichanganya."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, nadhani nilitaka kusema, lakini kilichotoka ni kilio, nikajikuta nalia mbele ya mfiwa, mimi ambaye sikuwa na haki hata ya kushika tama pale. Yeye hakulia. Alingoja nimalize kama nesi anavyongoja. Kisha akanieleza kwamba mama yake alikuwa amemtandikia kitanda tangu jioni ya siku ile aliyokuja kutoa salamu. Kila siku alikung'uta shuka, akakitandika upya. Na baba alikuwa na fahamu zake siku nyingi, anauliza kama gari la kutoka mjini limepita. Wakabaki wakimwambia barabara ni mbaya.

Nikamwambia nitakwenda Mbulumbulu, nitamwambia mama ukweli, kesho, hata leo. Akakataa kwa kichwa. Akasema mama yake amemuuliza yeye aliyesoma, kama kweli mashine inaweza kuchanganya watu. Naye amemjibu ndiyo, huwa inatokea. Mama akiambiwa sasa kwamba aliyekosea ni mtu, atakuwa amepoteza mume na pia atajua kwamba alikaa pale kwenye kiti, akasema majina yote, na aliyekuwa mbele yake hakuwa anamsikiliza. "Hilo la pili sitaki alijue," akasema. "Mimi narudi shule mwezi ujao. Ataendelea kuja hapa, hana pengine. Wewe msikilize tu."

Akazikunja karatasi zake, akaaga kwa mkono, akatoka. Nilitamani anipige. Nilitamani amwite baba mwenye duka, nifukuzwe, nirudishwe kwetu na viatu vyangu vya kuchongoka. Badala yake aliniachia kazi yangu vilevile nilivyoikuta.

Mama alirudi mnada wa pili baada ya msiba, binti akiwa amesharudi shule. Kichwa amekinyoa, kitenge cheusi. Nikasimama kumpa pole, akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza na mimi nyumbani kwetu wazima, baba yako mzima? Nikasema mzima. Akasema mshukuru Mungu. Faili la salamu nilikuwa nimeshalifuta, na nilikuwa nimekigeuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga, ili asiingie mtu mwingine. Akakaa kwenye kiti kilekile. Akaisogelea kompyuta kidogo, akaiinamia, na akaanza kusema taratibu sana, kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, kama mtu anayemsaidia mgonjwa wa masikio. Bibi yako anakusalimu. Akangoja. Ameinuka leo, amekaa juani. Akangoja tena, akanigeukia mimi, akaniuliza kwa wema kabisa kama anakwenda haraka mno, maana hataki kuichosha ikachanganya tena, si kosa lake.

Nikamwambia hapana mama, endelea, inasikia.